Kompyuta Moja, Mimi na Mkwe Wangu

Nilipoacha kazi ya ualimu katika shule ya msingi, nilianza kuwafundisha watu wa nyumbani bila kuombwa. Mzee wangu, yaani mume wangu, ambaye alistaafu kabla yangu katika kazi ya reli, hakuweza kusoma tangazo kwa sauti bila mimi kumrekebisha matamshi. Sokoni niliwaonyesha wauza samaki wadogo wa ndakala herufi walizokosea kwenye vibao vyao. Binti yangu akija kutusalimu, nilimwuliza wajukuu wamefika wapi katika kuzidisha hata kabla ya kumwuliza kama wamekula. Mzee alivumilia kwa muda. Halafu siku moja alirudi kutoka mjini na habari kwamba katika ukumbi mmoja karibu na bandari kuna mafunzo ya kuandika programu za kompyuta, wanapokea watu wa umri wote, na yeye ameshaniandikisha.

Nilimwuliza lugha yenyewe ya kompyuta inaitwaje. Akasema Python. Akaongeza kwamba amemwuliza mwalimu maana ya jina hilo, akaambiwa ni chatu.

"Mimi sasa nipumzike kidogo," alisema. "Na chatu naye arekebishwe."

Nilikwenda kwa hasira kidogo, nikiwa nimevaa kitenge changu cha mikutano ya wazazi. Ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa yanayotazama ziwa. Ukikaa upande wa kushoto unaona mashua zikipakia magunia ya kwenda Moba. Umeme wa mji haukuaminika, kwa hiyo kompyuta zilitumia umeme wa paneli za jua zilizokuwa juu ya paa, na siku ya mawingu mazito mwalimu alitutuma nyumbani mapema. Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana aliyesomea Lubumbashi, mwembamba, mwenye miwani, anayeongea haraka. Kompyuta hazikututosha, kwa hiyo alitupanga wawili wawili kwa kila mashini. Idadi yetu haikugawanyika vizuri na mimi nikabaki peke yangu. Nilifurahi kimoyomoyo.

Somo la kwanza lilikuwa kuifanya kompyuta iseme kitu. Unaandika print, unafungua mabano, unafungua alama za kunukuu, unaandika maneno yako, halafu unafunga vyote ulivyofungua. Niliandika "Habari za mchana", nikabonyeza, na kioo kikanijibu: Habari za mchana. Nimewafundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, na ninaijua ile sura ya mtoto siku herufi zinapogeuka neno machoni pake. Nadhani siku ile mimi ndiye niliyekuwa na sura hiyo. Niliandika tena. Nikaandika jina la mzee wangu, nikaandika majina ya wajukuu, nikaandika bei ya samaki wa mikebuka. Kila nilichokiandika kilirudi kama nilivyokiandika. Nilipokosea alama moja tu, mashini ilikataa kabisa na kutoa mistari ya Kiingereza ambayo sikuielewa. Hilo nalo nililipenda. Nilikuwa nimempata mwenzangu anayejali nukta na mabano kama mimi.

Wiki ya pili mlango ulifunguka katikati ya somo, akaingia mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Mkwe wangu ametoka upande wa Manono, na kwa watu wake heshima ya mama mkwe si mchezo. Mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja lazima apishe. Sisi watu wa ziwa, ambao babu zetu walikuwa wakivuka kwenda Ujiji na kurudi na bidhaa, hatuna ukali huo, lakini nilijua kwamba alilelewa hivyo na niliheshimu. Akiniona kwa mbali na mwavuli wangu, alikuwa anaingia katika duka lolote lililo karibu, na mara moja aliingia duka la sidiria, akabaki humo mpaka nikapita. Nyumbani kwao aliongea nami kupitia kwa binti yangu, hata tukiwa wote watatu katika chumba kimoja. "Mwambie Mama mvua imeanza," alikuwa akisema, huku mimi nikiwa dirishani naitazama hiyo mvua. Binti yangu aligeuka na kuniambia mvua imeanza, nami nikamwambia amjibu kwamba nimeiona. Tangu wafunge ndoa tuliishi hivyo kwa amani kabisa.

Kumbe biro yake, yaani ofisi yake ya bandarini, ilikuwa imempa ruhusa ya kuja kusoma baadhi ya siku za mchana, na yeye hakujua kwamba mimi nimo. Aliponiona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Mwalimu alimwonyesha nafasi pekee iliyobaki, nayo ilikuwa kwenye benchi langu. Hakusogea. Mwalimu alidhani ni haya ya mtu aliyechelewa, akamwambia tena. Ndipo nikasimama na kueleza darasa zima kwamba huyu ni mkwe wangu. Watu wote wakaelewa mara moja, isipokuwa mwalimu. Mama mmoja wa nyuma akajitolea kubadilishana naye nafasi.

Ningekubali, mambo yangeishia hapo. Lakini yule mama alikuwa amekaa na mwenzake vizuri, walikuwa wameanza kuelewana, na mimi katika maisha yangu ya ualimu sikuwahi kuruhusu darasa livurugike kwa sababu ya mtu mmoja aliyechelewa. Nikasema kwa sauti ya darasa la tano, sauti ambayo haikuwa imetumika tangu nistaafu:

"Akae. Mimi nitatazama ziwa."

Basi akakaa. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, nusu yake ikiwa hewani, uso umeelekea ukuta. Mimi nikaweka mkoba wangu katikati yetu na kutazama mashua. Kompyuta ilibaki mbele yetu haina mtu wa kuitazama, na mwalimu akawa anatuangalia sisi wawili kama vile tumeugua ghafla.

Siku za kwanza tulifanya kazi kwa zamu. Nilipoandika, yeye alisimama karibu na mlango. Nilipomaliza, nilienda dirishani, naye akaja kuandika. Halafu alirudi mlangoni na mimi nikarudi kwenye benchi. Mwalimu alisema darasa lake limekuwa ngoma. Tatizo lilikuwa pale mmoja wetu anapokosea na mwingine anaona. Siku moja tulikuwa tunajifunza kuipa kompyuta jina la kitu na thamani yake, ili baadaye ukiita jina, thamani inakuja. Niliandika jina la samaki na kuweka "kuhe", lakini nikasahau kufunga alama. Mashini ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Nyuma yangu nilimsikia mkwe wangu akikohoa. Akakohoa tena. Kikohozi kilikuwa na maana, niliielewa, ila sikujua kilikuwa kinaonyesha wapi.

Nikasimama nikaenda dirishani. Yeye alikuja haraka, akaandika kitu, akakimbia mlangoni. Niliporudi, kwenye kioo palikuwa na maneno haya yakitoka katika print: Mama, mmesahau kufunga alama ya kunukuu.

Nilisoma mara ya pili kwa sababu ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe. Alikuwa ameiandika kwa adabu yote, kwa wingi wa heshima, bila kosa hata moja. Nilirekebisha samaki wangu, kisha chini yake nikaandika print yangu, nikimwita Papa, yaani baba, kama mkwe anavyoitwa kwa heshima: Asante, Papa. Nimeona. Nikaenda dirishani. Nilipogeuka kidogo nilimwona amesimama mbele ya mashini anasoma, mabega yake yameshuka, ametulia kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu siku hiyo tukawa tunaongea hivyo. Desturi ilikataza mdomo na macho, haikuwa imesema lolote kuhusu kompyuta. Mwanzoni ilikuwa mambo ya kazi tu. Mabano hapa, nukta mbili pale. Baadaye akaandika kwamba mtoto mdogo ameota jino. Nikaandika kwamba binti yangu naye aliota mapema. Tulipojifunza input, ambayo inaifanya mashini iulize swali na kungojea jibu, ilikuwa rahisi zaidi. Aliandika programu ikaniuliza: Mama, mmeamkaje? Nikajibu pale pale, na mashini ikanishukuru kwa jibu langu, kwa sababu alikuwa ameipanga ishukuru hata kama ningeandika kwamba nimeamka na homa.

Somo lililonipendeza kuliko yote lilikuwa la kuingiza mistari ndani. Katika Python, ukisema kama jambo hili ni kweli, fanya hivi, ile "hivi" lazima ianze mbele kidogo kuliko mstari wa juu yake, na nafasi iwe sawasawa. Ukizidisha au ukipunguza, mashini inakataa kazi yote. Wenzangu walilalamika sana. Mimi nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu nikiwaambia watoto waache pambizo na wapange mistari, na hakuna aliyenisikiliza. Mkwe wangu alikuwa mzembe kwa nafasi. Aliandika upesi upesi kama mtu wa bandari anayekimbiza meli, mistari yake ikienda mbele na kurudi nyuma, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa baada yake kuipanga. Yeye kwa upande wake alielewa mizunguko kabla yangu, ile amri inayorudia kazi mpaka uiambie iache. Yangu ya kwanza haikuacha. Ilijaza kioo kizima kwa neno "karibu" likishuka bila kikomo, na mimi nikabaki na mikono juu mpaka akaja kuizima.

Mwisho wa mafunzo ulipokaribia, mwalimu alitaka kila benchi litengeneze programu moja ya kuonyesha watu. Mimi nilishajua ninachotaka: programu ya kuwauliza watoto kuzidisha. Saba mara nane ni ngapi? Mtoto anajibu, mashini inamwambia amepata au amekosa. Mkwe wangu aliandika kwamba amekubali, na tukaanza. Kuchagua namba kwa kubahatisha aliandika yeye. Kulinganisha jibu niliandika mimi. Niliweka kwamba mtoto akipata, mashini iseme "Sawa", na akikosa, iseme "Umekosa. Rudia."

Kesho yake nilikuta amefuta "Umekosa. Rudia." na kuweka "Uko karibu, jaribu tena." Nikafuta, nikarudisha langu. Siku iliyofuata nikakuta lake. Nikaandika print ndefu kumweleza kwamba katika hesabu hakuna karibu, jibu ni jibu. Nikaenda dirishani nikingojea aandike majibu yake.

Hakuandika. Nilisikia benchi likilia, halafu sauti yake, ambayo kwa kweli sikuwa nimezoea kuisikia ikielekezwa kwangu.

"Mama, kwa saba mara nane, anayejibu hamsini na nne ameshafika mlangoni," alisema. "Anayejibu kumi na tano bado yuko njiani. Tusiwaambie neno moja wote wawili."

Niligeuka. Alikuwa ananitazama usoni. Darasa lote liligeuka kututazama, hata mwalimu, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaelezwa mambo ya ukwe. Yeye mwenyewe aligundua alichofanya sekunde hiyo hiyo, akainua mkono kama anayetaka kuyarudisha maneno mdomoni, akatoka nje.

Sikukasirika. Nilikaa mbele ya mashini nikafikiri. Kalamu nyekundu ina alama ya kupata na alama ya kukosa, na nimeitumia kwa miaka mingi nikaona inatosha. Lakini mashini hii ilikuwa na uwezo wa kupima tofauti kati ya jibu la mtoto na jibu sahihi, ilihitaji tu kuambiwa. Na kati ya "kama" na "la sivyo", mwalimu alikuwa ametufundisha neno la tatu, elif, ambalo maana yake ni: na kama si hivyo, je, ni hivi? Nikaliweka. Kama jibu ni sahihi, sawa. Kama si sahihi lakini tofauti ni ndogo, uko mlangoni, jaribu tena. La sivyo, bado uko njiani, rudia polepole. Nikapanga mistari yote, nafasi sawasawa. Halafu nikaandika print moja ya kumwambia: Papa, rudini, tumalize kazi. Nikamwomba yule mama wa nyuma aende nje amwite.

Alirudi akiwa ameinamisha kichwa. Alisoma, akajaribu kwa hamsini na nne, akajaribu kwa kumi na tano. Akaandika neno moja tu: Asante. Sikumsikia akitabasamu, maana hilo halisikiki, lakini niliona shingo yake kwa nyuma, na hata shingo inaonyesha.

Siku ya kuonyesha kazi, binti yangu alikuja, na mzee wangu alikuja na kofia yake ya reli. Ukumbi ulijaa. Mwalimu akauliza nani anataka kujaribu programu ya benchi letu, na mzee akanyanyuka kabla ya watoto. Akakaa, akavaa miwani. Mashini ikamwuliza saba mara nane ni ngapi. Mzee akafikiri, akanyoosha kidole kimoja, akaanza kutafuta herufi, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu sana. Sisi nyuma yake hatukuona anachoandika. Alipobonyeza mwisho, kioo kilijaa mistari ya makosa na programu ikafa.

"Nimejibu sawa," alisema mzee.

Na alikuwa amejibu sawa. Alikuwa ameandika kwa maneno: hamsini na sita. Tulikuwa tumefikiria mtoto wa mlangoni na mtoto wa njiani, tukasahau kabisa mtu anayejibu kama watu wanavyojibu. Mashini ilikuwa inangoja tarakimu, ikaletewa maneno, ikashindwa. Nilimtazama mkwe wangu naye akanitazama, na tukacheka pamoja, kwa sauti, mpaka mimi nikashika ukuta na yeye akajifuta macho kwa mkono wa shati. Binti yangu alitutazama akasahau kufunga mdomo. Mwalimu aliuambia ukumbi kwamba mzee huyu amefundisha somo la wiki ijayo, namna ya kuiambia programu cha kufanya ikiletewa jibu isilolitegemea. Mzee aliinamisha kofia kuwashukuru. Mpaka leo anawasimulia wenzake wa reli kwamba yeye ndiye aliyeiangusha programu ya mke wake kwa kujibu vizuri.

Baada ya hapo mkwe wangu hakuwa na raha. Tulikuwa tumetazamana, tumesema, tumecheka, na kwa desturi ya kwao mambo hayo hayaachwi hivi hivi. Akampigia simu mjomba wake Manono kuomba ushauri. Binti yangu aliniambia kwamba mjomba alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena mwenyewe, akataka kujua hiyo kompyuta inakaaje na kama ingeweza kuhesabiwa kama ukuta kati yetu. Alipoelezwa vizuri akasema haitoshi kuwa ukuta, na kwamba mkwe alete kuku, amkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili, wamle pamoja, na mlango utakuwa umefunguliwa kwa heshima.

Jumapili wakaja na kuku mwekundu mzuri. Nilimpokea kwa mikono miwili. Tulimpika na sombe ya majani ya muhogo, tukasonga bukari, ugali wetu, na tukakaa wote mezani. Mkwe wangu alikula akitazama sahani yake tu, kwa haraka, kama mtu anayefanya mtihani. Mimi nilijishughulisha na mfupa mmoja muda mrefu ili asione kwamba namwangalia. Tulipofika katikati ya chakula aliniuliza, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, kama naweza kumsogezea chumvi. Nilimsogezea. Binti yangu akaweka tonge chini.

"Mimi sasa nimepoteza kazi," alisema, kwa ile "njo" yetu ya nyumbani ambayo vitabuni ni "ndiyo". "Njo mimi nilikuwa mkalimani wa hii nyumba."

Sasa tuko katika sehemu ya pili ya mafunzo. Tumeacha kusimama mlangoni na dirishani. Tunakaa benchi moja, ingawa yeye bado ananiandikia jambo gumu badala ya kulisema, na mimi sijamkataza. Wiki hii tumeanza orodha, yaani kuweka vitu vingi chini ya jina moja na kuvichukua kwa namba zao. Nilikasirika nilipoambiwa kwamba Python inahesabu kuanzia sifuri, kwamba kitu cha kwanza katika orodha namba yake si moja. Nilimwambia mwalimu nimewafundisha watoto wa mji huu kuhesabu na hakuna hata mmoja niliyemwanzisha na sifuri. Nilitaka kuendelea, nilikuwa na mifano mingi. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Mkwe wangu alivuta kibodi pole pole upande wake, akaanza kuandika majina ya samaki wa ziwa, na kuhe akamweka mahali pa sifuri.

"Mama, tuendelee tu," alisema. "Jua linashuka, na betri njo hii inaisha."

Nikasogea nipate kuona vizuri, nikamwambia mstari wa pili nafasi zake haziko sawa.